Safari ya mashua ya familia kutoka Lamu hadi Kiwayu mwezi wa Agosti: je, upepo wa kusi unaruhusu?

Binti wa Msiyu (Hamburg)

Asalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wanaoijua bahari ya Lamu kwa kuisafiria, si kwa kuiona katika picha.

Familia yetu ni ya watu sita: mimi na mume wangu, watoto watatu wenye umri wa miaka 14, 9 na 5, na mama yangu mwenye miaka 68. Tunaishi Ujerumani, ambako likizo ndefu ya shule huangukia Julai na Agosti, kwa hiyo hatuna uwezo wa kuchagua mwezi mwingine. Mama alizaliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, akachukuliwa Mombasa na shangazi yake akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na tangu hapo hajakanyaga tena. Kila tukimwuliza angependa tumfanyie nini uzeeni mwake, hujibu kwamba anataka kuiona ngome ya kwao akitokea baharini, kama alivyoiona siku aliyoondoka.

Mpango wetu ni kuruka hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, kulala Lamu mjini siku mbili, kisha kukodi mashua kwa siku tano: tupitie magofu ya Takwa, tufike Siyu na Faza, tumalizie Kiwayu, ndipo turudi. Niliongea kwa simu na mwenye chombo mmoja, akaniambia kwamba upepo upo wa kutosha na nisiwe na wasiwasi. Neno hilo la "wa kutosha" ndilo lililonitia wasiwasi. Mume wangu anaona tukodi boti ya mashine, twende na kurudi kwa siku moja. Mimi nataka tanga, kwa sababu mama alisafiri kwa tanga. Je, Agosti inafaa? Na mtu wa umri wake atashukaje Siyu bila kudhalilika?

Mwana wa Nahodha (Lamu)

Wa aleikum salaam, dada yangu. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi la kubeba boriti, nami nimekulia juu ya shetri, ile sakafu ya nyuma ya chombo, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha maneno.

Tuanze na upepo. Kiangazi cha huko mliko ni kipupwe kwetu, na kipupwe ndio wakati wa kusi. Upepo huo huanza kuvuma Aprili, hukaza Juni na Julai, na Agosti ikielekea ukingoni huanza kulegea na kutuingiza katika demani, ambayo ni kipindi kizuri sana cha kusafiri. Zamani, makali ya kusi yalipofika, vyombo vilikokotwa pwani vikatiwa kalafati na kupakwa deheni, na watu wakasema bahari imefungwa. Ikiwa mnaweza kusogeza safari hadi juma la mwisho la likizo yenu, isogezeni, maana tofauti kati ya mwanzo na mwisho wa Agosti watoto wenyewe wataihisi tumboni.

Mwenye chombo hakukudanganya aliposema upepo upo wa kutosha; ambalo hakulitaja ni kwamba upepo huo una upande mmoja tu. Kutoka Lamu kwenda Kiwayu, safari ya takriban kilomita 50, mtakuwa mnaelekea kaskazini mashariki, kusi ikiwasukuma kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, na mkondo wa bahari ukienda huko huko. Mtafika mkicheka. Taabu iko katika kurudi. Wazee waliokwenda Uarabuni kwa kusi hawakurudi kwa kusi. Walikaa huko wakingoja kaskazi, upepo wa msimu ulio kinyume cha kusi, iwalete nyumbani, na ninyi mnataka kurudi baada ya siku tano. Kubisha dhidi ya upepo wa Agosti kwa mashua yenye mtoto wa miaka mitano maana yake ni kupigwa na mawimbi ya omo, yaani ya mbele ya chombo, kutwa nzima, na jioni kuiona Pate ile ile mliyoiona asubuhi. Kwa hiyo usichague baina ya tanga na mashine. Kodi mashua ya tanga iliyofungwa mashine, mwende kwa tanga na mrudi kwa mashine, na uhakikishe mafuta ya kurudi yamo chomboni kabla hamjang'oa nanga, kwa kuwa huko mbele si kila siku yanapatikana.

La pili ni njia. Msikubali kupelekwa kwa nje, yaani kupitia Shela na kuizunguka Manda upande wa bahari kuu, hata kama nahodha atasema ni karibu. Njia ya familia wakati wa kusi ni ya ndani: mnapita Mkanda, ule mfereji mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, mnakata ghuba ya Manda, kisha mnapita kati ya Pate na bara hadi Faza. Njia yote hiyo visiwa vyenyewe ndivyo vinavyowakinga. Mnapotoka Faza kupita Ndau kuelekea Kiwayu ndipo mtakapoonja bahari halisi.

La tatu, ambalo wageni hulisahau, ni maji. Mkanda na hori ya Siyu, yaani mkono wa bahari unaoingia mjini, hazipitiki maji yakipwa, na saa ya mkononi haina kauli hapo. Katika bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupanda zaidi ya mita 3, lakini hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, nyakati ambazo hazifai kuwaamsha au kuwachosha watoto. Katika maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa karibu na saa nne asubuhi, wakati mzuri kabisa, ila kupanda kwenyewe ni kudogo, na chombo kizito huweza kugusa chini. Mimi ningeondoka siku ya tatu hivi baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Maji yanachelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku hiyo yatajaa karibu na saa moja asubuhi yakiwa bado na nguvu. Tafuta kalenda ya Kiislamu kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Takwa msiichanganye na safari hii. Hori yake iko upande wa Lamu, nayo pia inataka maji kujaa, basi iwekeeni siku yake mkiwa bado mjini. Mwoneshe kijana wako wa miaka 14 kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijra, yaani 1682 au 1683, na umwambie kwamba watu wa Shela wanaojihesabu kuwa wametoka Takwa bado huenda pale kuomba mvua.

Mama Mapacha (Mombasa)

Dada, sisi tulifanya safari inayofanana na hii mwezi huo huo wa Agosti, tukiwa na mapacha wa miaka sita na wifi yangu. Nakubaliana na Mwana wa Nahodha kwa kila neno alilosema juu ya maji, kwa sababu mimi nililipia somo hilo.

Tulichelewa kuondoka kwa sababu yangu mwenyewe: nilikuwa nikitafuta kofia ya mtoto. Nahodha, ambaye sitamtaja, aliona haya kunihimiza, na tulipoukaribia mlango wa hori maji yalikuwa yameanza kutoka. Tukapwelewa. Mashua ililala ubavu juu ya tope, nasi tukakaa humo karibu saa sita, hatuwezi kushuka kwa sababu tope ni la magotini, hatuwezi kulala kwa sababu sakafu imeinama, na jua liko utosini. Jua lilipotua wakatoka usubi kwenye mikoko, wadudu wadogo usiowaona ila unawajua. Watoto walijikuna siku tatu. Kwa hiyo leteni nguo za mikono mirefu kwa ajili ya magharibi, na nahodha akisema tuondoke, ondokeni hata bila kofia.

Jambo jingine ni majaketi ya kuokolea. Chombo tulichokodi kilikuwa nayo, yamepangwa vizuri, yote ya watu wazima. Nilipomvisha mmoja wa mapacha na kumnyanyua kwa mabega ya jaketi, jaketi lilipanda na mtoto akabaki chini. Nunueni huko huko Hamburg ya ukubwa wa watoto wenu, myajaribu bwawani, na muwazoeze kuyavaa muda wote wakiwa chomboni. Ulizeni pia kama chombo kimekaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na muombe kuoneshwa karatasi. Si utovu wa adabu.

Maji ya kunywa bebeni yote kutoka Lamu. Visiwa vile hutegemea mvua inayokusanywa katika majabia, yaani matangi ya maji, na si vyema wasafiri sita kwenda kupunguza akiba ya wenyeji. Kuhusu chakula msijali hata kidogo. Mabaharia hupika kwenye seredani iliyowekwa ndani ya sanduku la mchanga, na wali wa nazi na changu wa kuchoma tuliokula Faza sijawahi kuupata katika hoteli yoyote. Haja ya wanawake ndiyo iliyotusumbua zaidi. Mwambieni nahodha mapema, kupitia kwa mume wako, kwamba mnahitaji kushuka kisiwani kila baada ya saa mbili au tatu, na mchukue kanga mbili za kufanyia pazia huko tezi. Kwa kulevywa na bahari, mama apewe tangawizi na akae katikati ya chombo, akitazama nchi kavu.

Mstaafu wa Mokowe

Naomba kutofautiana kidogo na walionitangulia, kwa heshima zote. Wamejibu namna ya kufika Kiwayu, lakini hakuna aliyeuliza kama kuna haja ya kufika.

Kiwayu ni nzuri, sikatai. Imo katika hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na kasa hutaga mayai katika fukwe zake. Lakini uzuri wake mkubwa ni wa chini ya maji, na kusi huyachafua maji, hata mtoto akivaa miwani ya kuzamia ataona ukungu tu. Ndivyo ilivyo pia kisiwa kidogo cha Manda Toto. Hayo ni mambo ya kaskazi. Zaidi ya hapo, Kiwayu iko karibu na mpaka wa Somalia. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na tangu wakati huo masharti ya usalama upande ule yamekuwa yakibadilika mara kwa mara. Wenyeji wanaishi na kuvua kila siku, nami sitaki kuwatisha, ila mtu anayesafiri na mama na watoto anapaswa kuuliza polisi wa Lamu juma lile lile la safari, wala asitegemee alichoambiwa na mwenye kukodisha chombo.

Shabaha ya safari yenu ni Siyu. Fanyeni Siyu iwe mwisho, au Faza ikiwa watoto bado wana hamu, na siku mlizozitengea Kiwayu zitumieni kukaa. Mji ule uliyarudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1840, ukasifika kwa wanazuoni, wanakili wa misahafu na mafundi wa viatu vya ngozi, na wageni wengi huupitia kwa saa moja tu, wakapiga picha ngome, wakaondoka. Kwa mwendo wa miguu wa saa moja hivi kuna Shanga, ambako wachimbuzi wa miaka ya 1980 walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Bi mkubwa naye atataka kuulizia watu wake, na kuulizia watu katika mji kama ule hakumaliziki kwa alasiri moja. Itabidi anywe kahawa katika kila nyumba.

Binti wa Msiyu (Hamburg)

Nimemsomea mama majibu yenu yote kwa sauti. Nilipofika kwa Mstaafu wa Mokowe alisema, "Huyo ndiye aliyenielewa," kisha akanitajia majina ya nyumba saba. Kwa hiyo Kiwayu tumeiacha, na mume wangu amefurahi kwa sababu mafuta yamepungua. Tutaondoka Lamu katika juma la mwisho la Agosti kwa kufuata mwezi, mashua ya tanga yenye mashine, njia ya ndani, na majaketi matatu ya watoto tumeshayanunua.

Limebaki swali langu la mwisho, ambalo halijajibiwa: atashukaje? Magoti yake hayamruhusu kuruka majini.

Mwana wa Nahodha (Lamu)

Niwie radhi, dada, nililipita swali hilo.

Kuna njia mbili. Iliyo rahisi ni kushukia Mtangawanda, ambako kuna gati, kisha achukuliwe kwa pikipiki hadi Siyu. Magoti yatasalimika, lakini ataingia mjini kwa nyuma, akitokea bara ya kisiwa, na sivyo alivyowaomba.

Njia ya pili ni mashua itie nanga nje ya hori maji yakikaribia kujaa, na nahodha aagize dau dogo kutoka mjini lije liwachukue. Dau halina kina, huenda kwa pondo katikati ya mikoko na kufika mpaka ukingoni, na vijana wataweka ubao wa kukanyagia. Mpe nahodha habari hii siku moja kabla, ili apige simu na dau lisiwe limekwenda kuvua. Mama mkalisheni omo, wala mtu yeyote asimkingie mbele, kwa sababu hori ina kona, na mkishaikata tu ngome iko mbele yenu.