Yule mjuaji wetu leo kafunua ukurasa wa MWISHO mbele za watu

Msomaji Mkali:
Wakuu, herufi zikiruka mnisamehe, mikono bado inatetemeka. Jina silitaji. Silitaji ng'o. Ila mnamjua, yule anayekuja kwenye kila mkutano wa wasoma vitabu na kalamu kibao mfukoni na hajawahi kununua hata kalenda. Huyo huyo.

Nina riwaya yangu ya Vita Kuu ya Kwanza, ile iliyopiganwa huku kwetu, si ya mahandaki ya Ufaransa. Kijana wa Kinyamwezi kakamatwa, kabebeshwa masanduku ya risasi, anafuatana na jeshi la yule kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, tangu kule Taveta hadi kusini. Huyu kijana nimeshamzoea, akichubuka bega na mimi usiku silalii upande huo. Nimefika wamekwama Rufiji mwanzoni mwa 1917, mvua haikati, posho imepunguzwa, wapagazi wanachimba mizizi porini. Moyo uko juu juu.

Akaja. Hata salamu hakuna. Kanyakua kitabu mkononi mwangu, kidole kimetoka kwenye kachori muda uleule, kakilamba, kafunua ukurasa wa mwisho. Wa MWISHO, wakuu! Kasoma kwa sauti iliyosikika mpaka Kigamboni kwamba kijana anafia Mahiwa. Halafu kafunga kitabu, kanirudishia, kasema: "Hadithi za vita zote zinaishia hivi hivi, soma vitu vya maana."

Vitu vya maana! Yeye aliyekaa mkutano mzima anasoma jalada la nyuma!

Narudia kwa mliochelewa: ukurasa wa MWISHO. Doa la mafuta liko pale pale juu ya jina la marehemu. Watu wazima wameketi wanacheka. Mtu kama huyu 1914 angeshushwa pwani ya Tanga peke yake.

Kitendawili:
Nimewahi siti ya mbele. Leteni kahawa.

Babu Rupia:
Mkuu, punguza povu. Ulitegemea mpagazi wa vita ile arudi nyumbani na begi la zawadi? Waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria ni makumi ya maelfu. Mahiwa yenyewe, Oktoba 1917, siku nne za kuchinjana. Mjuaji kakuokolea muda.

Msomaji Mkali:
Babu, najua watu walikufa, sijasoma vita jana. Sikujua kama HUYU atakufa. Ndiyo maana nanunua riwaya, ningetaka idadi ya maiti ningesoma ripoti. Na ukurasa ulikuwa wa mwisho, Babu. Si wa katikati. Halafu mimi ni mwanamke, "mkuu" wa nini?

Babu Rupia:
Samahani dada mkuu.

Nyuki wa Tanga:
😂😂 "silalii upande huo". Dada, mume unaye?

Shangazi Mpole:
Pole mwanangu. Mimi huyo bwana namjua, aliwahi kunihadithia msiba wa kitabu kizima mimi nikiwa kwenye dibaji. Aliponiona natoa leso akaniuliza kama nina mafua.

Kamba Mbili:
Hii chai, tena haina sukari. Weka picha ya doa.

Msomaji Mkali:
*[picha]*
Haya. Duara zima. Mpaka mistari ya kidole inaonekana, polisi wakitaka ushahidi wao huo.

Kamba Mbili:
Aisee, hiyo siyo kachori, hilo doa la sambusa. Sambusa inaacha duara lenye kingo.

Babu Rupia:
Tukiacha utani, wanaonikera mimi ni waandishi wenyewe. Nimesoma moja, kijana na mpenzi wake wanaagana chini ya sanamu ya Askari pale Dar, mwaka 1916! Sanamu ile imesimamishwa 1927. Mwaka huo walikuwa wanaagana chini ya nini, mwembe? Ukifungua ukurasa mwingine, shujaa anapanda treni Tabora kwenda Mwanza, vita havijaisha. Reli ya Mwanza imekamilika 1928! Iliyokuwepo ni ya kwenda Kigoma, imefika huko 1914. Na nauli kalipa shilingi. SHILINGI, chini ya Mjerumani! Rupia jamani, rupia na heller.

Nyuki wa Tanga:
Jina lako sasa nimelielewa.

Wa Kigoma Ujiji:
Na huku kwetu mnaturuka kila siku. Meli imeundwa Ujerumani, imevunjwa vipande, imekuja kwenye maelfu ya masanduku, imefungwa upya Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 baada ya kuipaka mashine zake grisi zisioze, ikaibuliwa ikaitwa Liemba. Mwandishi gani anaacha kitu kama hicho anakwenda kuandika tena nyuki wa Tanga?

Nyuki wa Tanga:
Nyuki tuwaache, wamefanya kazi yao 1914 walipowauma Waingereza walioshuka Tanga, Muingereza mpaka leo anasingizia kwamba walifundishwa na Mjerumani.

Mtoto wa Katanga:
Na bandugu, Tabora ilikamatwa na nani Septemba 1916? Ni jeshi la kutoka Kongo ya Mbelgiji. Masoda (askari) na wapagazi wetu walitembea kwa miguu kutoka kule ng'ambo ya ziwa. Kwenye riwaya zenu tunapewa mstari moja: "Wabelgiji wakafika." Wabelgiji wangapi?

Wa Kariokor:
Nyinyi mna bahati, angalau mpagazi wenu ni mhusika mkuu. Za huku kwetu Kenya zilizonifikia, mhusika ni mzungu wa shamba la kahawa, bibi yake anamlilia Nairobi, Mwafrika ametokea sura ya tatu akishika taa. Sura ya nne taa imezimika, basi, hatumwoni tena. Carrier Corps nzima, kikosi cha wapagazi wa Muingereza, imeishia kwa hiyo taa.

Msomaji Mkali:
Jamani tusitoke kwenye mada. Mimi nilikuwa nazungumzia yule mtu. Kidole. Ukurasa wa mwisho.

Mwalimu Mstaafu:
Nadhani Majimaji ndiyo inayoonewa kuliko zote. Kila mwandishi anakimbilia dawa ya maji na risasi, anamnyonga Kinjikitile pale Mohoro Agosti 1905, anawanyonga machifu wa Kingoni Songea 1906, anafunga kitabu. Njaa inapewa aya moja. Wakati Mjerumani alichoma mashamba na maghala kwa makusudi, na njaa ile iliua watu wengi kuliko bunduki. Nataka riwaya inayoanza siku ambayo bunduki zimenyamaza na ghala ni majivu. Mama ana watoto na kikapu kimoja cha mbegu: apande au apike? Hapo ndipo vita vilipokuwa.

Shangazi Mpole:
Mwalimu andika wewe. Tutanunua.

Mwalimu Mstaafu:
Nimeandika. Mchapaji anataka niongeze mapenzi na mzungu mmoja mwema.

Kitendawili:
😂😂😂 Mzungu mwema ni lazima, bila yeye kitabu hakiuziki.

Kamba Mbili:
Mimi kero yangu ni ndogo. Ramani. Mtu anaandika watu wanatembea kutoka Kilimanjaro mpaka wanavuka Ruvuma, halafu ramani hakuna! Mke wangu kanikuta nimepanga njugu sakafuni, ananiuliza kama nimerogwa. Namwambia hii njugu ni Mahenge, usiikanyage.

Msomaji Mkali:
Naomba wasimamizi warudishe uzi kwenye mstari. Mtu kalamba kidole!

Babu Rupia:
Dada mkuu, endelea tu kusoma. Mwenye vita mwenyewe, Lettow-Vorbeck, kasalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kumaliza. Wale walikuwa wanapigana vita ambavyo mwisho wake ulishasomwa na dunia nzima. Wewe ni nani usivumilie?

Msomaji Mkali:
Babu wewe na yeye ni kitu kimoja. Nimeanza kukushuku. Una kalamu ngapi mfukoni?

Wa Kariokor:
Kachori ni za viazi ama za dengu? Mbona hakuna aliyeuliza?

Nyuki wa Tanga:
Za viazi, na ukwaju. Za dengu kuleni huko huko.

Wa Kariokor:
Wacha dharau. Mombasa mnaijua nyinyi?

Shangazi Mpole:
Wanaoudhi kweli ni waazimaji. Nilikuwa na riwaya ya vijana wetu wa KAR, jeshi la Muingereza la Waafrika (King's African Rifles), waliopelekwa Burma, vita vya pili vile. Kaniazima mtu, kasema wiki moja. Sasa ana watoto wawili. Jalada la kijani, mgongo umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Kamba Mbili:
Uzi mwekundu?

Shangazi Mpole:
Mwekundu. Kwa nini?

Kamba Mbili:
Hapana, nauliza tu.

Shangazi Mpole:
Kamba Mbili, njoo inboksi.