Naombeni ushauri: binti yangu wa miaka 15 anakunywa pombe, nisaini aingie kwenye utafiti wa tiba?

Mama_Njiapanda: Wadau, habari za humu. Binti yangu ana miaka 15 na nimegundua anakunywa pombe. Kuna watafiti wanatafuta vijana wa miaka 14 hadi 18. Wengine watakutana na mnasihi pamoja na familia zao, wengine watapata ushauri wa kawaida tu, na kompyuta ndiyo inayopiga kura nani aende wapi. Nisaini? Naogopa asije akafanywa panya wa maabara. Usingizi sina.

Mzee_wa_Baraza: Pole mama. Siku hizi wazazi mmekuwa marafiki wa watoto. Enzi zetu jicho la baba lilitosha. Mrudishe kwenye dini, hayo ya kura waachie wenyewe.

Kijana_Mtulivu: Shikamoo mzee. Mimi jicho la baba niliangaliwa sana, na nilianza kunywa nikiwa na miaka 14 hivyohivyo. Aliyenitoa ni kocha wangu. Hakunifokea. Aliniuliza pombe inanipa nini na inaninyang'anya nini, halafu akanyamaza mpaka nikajibu mwenyewe. Nilikasirika wiki nzima, lakini swali lile halikunitoka.

Nesi_wa_Zamu: Alichofanya kocha wako ndicho mwanasaikolojia William Miller alichokieleza mwaka 1983: mtu aongozwe kusema mwenyewe kwa nini abadilike. Mama, kura ipo kwa sababu bado haijulikani tiba ipi inazidi nyingine. Wazazi wangechagua wenyewe, familia zenye bidii zingejazana upande mmoja, na tusingejua kilichosaidia ni tiba au ni ile bidii. Binti mwenyewe anasemaje?

Baba_Watatu: Mimi wangu nawapa kidogo nyumbani, mbele yangu, wazoee kwa adabu. Wakikatazwa wataenda kujificha.

Nesi_wa_Zamu: Kaka, hilo limepimwa. Australia walifuatilia vijana zaidi ya 1,900 kwa miaka sita, matokeo yakatoka 2018. Hawakuona ushahidi wowote kwamba pombe ya kupewa na mzazi inamkinga mtoto. Waliopewa nyumbani ndio waliokuwa rahisi zaidi kuja kuipata kwingine. Mama_Njiapanda, nimeuliza: binti anasemaje?

Kijana_Mtulivu: Na mzee, Iceland mwaka 1998 vijana 42 kati ya 100 wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa 5. Wazazi walikubaliana saa ya watoto kuwa ndani, wakakaa nao zaidi, na michezo ikapewa fedha. Mahubiri peke yake yasingefika huko.

Nesi_wa_Zamu: Mama, mara ya tatu sasa.

Mama_Njiapanda: Hajui. Nimemwambia tunaenda kupima afya. Fomu nilishasaini, nilitaka tu kusikia kwamba sijakosea. Mnaonilaumu hamjalala na hofu hii. Mimi ndiye mzazi, na majibu yake nitayadai. Haiwezekani mgeni ajue siri za mwanangu kabla yangu.

Nesi_wa_Zamu: Tamko la Helsinki, linaloongoza maadili ya utafiti, linataka mtoto anayeweza kuelewa aombwe kukubali mwenyewe, juu ya saini ya mzazi. Akikataa, aheshimiwe. Na usiri una kazi yake: akijua utasoma majibu, ataandika unayopenda kuyasoma, na tiba itajengwa juu ya uongo.

Jicho_Kali: Samahanini, hii ni chai. Mama asiyelala anajua umri wa washiriki na kura ya kompyuta, ila hasemi binti anakunywa nini, na nani, tangu lini. Wewe ndiye mtafiti, unatafuta washiriki humu.

Baba_Watatu: Hata mimi nilishtuka. Maelezo yamenyooka mno.

Mama_Njiapanda: Fomu nimeisoma mpaka nimeikariri, kwa sababu ndicho kitu pekee kinachoniambia cha kufanya. Mnataka mengine? Anakunywa pombe kali kwenye chupa ya maji. Peke yake, chumbani. Tangu baba yake ahame. Asubuhi nyingine mikono inamtetemeka.

Jicho_Kali: Pole sana dada.

Nesi_wa_Zamu: Mama, sahau kura kwanza. Kunywa peke yake ni moja ya maswali sita ya dodoso la CRAFFT, tunalotumia kupima vijana. Mikono kutetemeka kunaweza kuwa na sababu nyingine, lakini kama ni mwili umezoea pombe, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Mpeleke kwa daktari leo, na njiani mwambie ukweli mnakokwenda. Usimwage chupa kabla hajaonwa.

Mama_Njiapanda: Akikataa utafiti?

Nesi_wa_Zamu: Kukataa utafiti si kukataa tiba. Atatibiwa kama kijana mwingine yeyote. Wapigie watafiti, waambie saini yako isubiri yake.

Mzee_wa_Baraza: Na baba yake aitwe. Amehama nyumba, hajahama uzazi.

Mama_Njiapanda: Hatujaongea miezi. Nitampigia tukiwa kwa daktari.

Baba_Watatu: Nesi, na hawa wangu wa kidogo nyumbani, niache taratibu?

Nesi_wa_Zamu: Wewe acha kuwapa leo. Kisha nijibu hapa wanakunywa kiasi gani, mara ngapi kwa wiki.