Nihame Windows niende Mac mini au nibaki? Kompyuta moja, watumiaji watatu

BabaNeema_Kimara

Wakuu salaam. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela, maana hapa kuna watu wanaoyajua haya mambo.

Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani, Dell OptiPlex 7040, i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, SSD nilishaiwekea. Iko sebuleni na kila mtu ana zamu yake. Inafanya kazi vizuri tu. Tatizo iko kwenye Windows 10, na tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft wameacha kuitolea masasisho ya usalama. Nikijaribu kwenda Windows 11 naambiwa prosesa haikidhi vigezo.

Sasa shemeji yangu yuko Muscat, anakuja likizo mwezi ujao. Kasema kama nataka Mac mini ya M4 (ile kompyuta ndogo ya mezani ya Apple yenye chipu ya M4) atanibebea, hela nitamlipa kidogo kidogo. Niliiona moja ofisini kwa rafiki yangu. Kadude kenyewe kanakaa kiganjani, kimya kabisa, na umeme ulipokatika UPS yake (betri ya akiba) iliendelea kuibeba huku sisi tunapiga soga. Nimeitamani, sifichi.

Watumiaji ni mimi (nafundisha fizikia sekondari, natunga mitihani kwenye Word, alama kwenye Excel), mama Neema ambaye ni mhazini wa kikoba chao, na Neema mwenyewe anayeanza usanifu majengo, chuo anasoma akitokea nyumbani. Printa ni ya leza, ya zamani, ya waya wa USB.

Nihame? Nikihama nitakwama wapi? Wale wa "Mac ni ya mabishoo" nao karibuni, ila mje na hoja.

kijana_wa_Tabata

Hama mkuu. Ukishaionja Mac hurudi nyuma.

Fundi Mpole

Kabla hatujafika kwenye Mac, nina swali moja. Mama Neema hesabu za kikoba anaziweka wapi? Na usinijibu "kwenye kompyuta". Fungua folda uangalie jina la faili linaishia na nini.

BabaNeema_Kimara

Fundi, nimemuita tukaangalia wote. Linaishia na .accdb. Kuna kijana wa mtaani alimtengenezea miaka ya nyuma. Ukilifungua inakuja skrini ya kijani yenye vitufe: Hisa, Mkopo, Marejesho, Mfuko wa Jamii, na kimoja cha Taarifa ya Mwanachama. Kila Jumamosi kabla ya kikao anachapa karatasi moja moja ya kila mama, jina, hisa, deni lililobaki. Huyo kijana siku hizi hapatikani, tumesikia yuko nje ya nchi.

Fundi Mpole

Basi nusu ya jibu unalo tayari.

Hiyo ni Access, programu ya Microsoft ya kutunzia kumbukumbu kwenye majedwali na fomu. Ukilipia Microsoft 365 ukaiweka kwenye Mac unapata Word, Excel, PowerPoint na Outlook, lakini Access hupati. Haijawahi kutengenezwa kwa ajili ya Mac. Atakuja mtu hapa akuambie "hamishia kwenye Excel". Majedwali kweli yatahama. Vile vitufe, zile fomu, na hiyo karatasi inayotoka imepangika na jina la kikundi juu, havihami. Anatakiwa mtu akae avijenge upya, na umesema aliyevijenga hapatikani.

Mac za zamani za Intel ulikuwa unaweza kuweka Windows pembeni kwa Boot Camp, ukiwasha unachagua. Kuanzia Mac za chipu ya Apple yenyewe, M1 ya mwaka 2020, njia hiyo haipo. Imebaki kuendesha Windows 11 ya ARM, ile ya chipu za aina hiyo, ndani ya programu kama Parallels. Access itafunguka humo, sikudanganyi. Ila Parallels unailipia, leseni ya Windows unailipia, halafu mama Neema kila Jumamosi awashe kompyuta ndani ya kompyuta ili achape karatasi ishirini. Muulize kwanza yeye kama anautaka huo mzunguko.

Kasuku wa Likoni

Mie natumia Mac mini hapa Mombasa, na kabla yake nilikuwa na ya M1, kwa hivyo nisikie vizuri ndugu yangu. Mashine ni nzuri. Upande wa umeme uliyoyaona ni kweli, M4 ya kawaida ikikaa bure inakula kama wati 4, na ikikazana yote haizidi 65. Wachana na hiyo Dell yako, UPS ndogo ya dukani itaibeba Mac na skrini hadi umeme ukirudi uwe umesahau.

Sasa mambo ambayo duka halikwambii. Ukifungua sanduku unakuta mashine na waya wa umeme, basi. Kibodi, mausi, skrini, juu yako. Matundu ya USB yote ni Type-C, kwa hivyo ile printa yako, kibodi na flashi za wanafunzi hazina pa kuingia mpaka ununue habu, kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB ya kawaida. RAM ni GB 16, umechukua hiyo ndiyo utakayozeeka nayo, hakuna kufungua na kuongeza. Diski yako ya nje ikiwa ilifomatiwa NTFS, ule mpangilio wa Windows, Mac itaisoma lakini haitaandika kitu, mpaka uihamishe vitu na kuifomati upya kwa exFAT inayokubalika pande zote mbili. Na kitufe cha kuwashia wamekiweka chini ya tumbo, pembeni. Lazima uinue mashine ndiyo uiwashe! Kwani waliokaa kikao hicho walikuwa wanafikiria nini?

Printa usiipuuze. Mac siku hizi inapenda zile za AirPrint, mfumo wa Apple wa kuchapa bila kuweka draiva (programu ya kuiendesha printa). Leza ya zamani ya USB, kama aliyeitengeneza hakuacha draiva ya macOS mpya, utaitazama tu.

mchoraji_mdogo

Shikamoo mzee wangu. Naongelea upande wa binti, mimi niko mwaka wa nne fani hiyohiyo.

Programu zetu za kuchorea, ArchiCAD, AutoCAD na SketchUp zipo kwenye Mac na zinaenda vizuri. Revit haipo. Lumion haipo, 3ds Max haipo. Darasani kwetu wenye Mac wanaishi, wakikaa kwenye ArchiCAD. Ila kazi ya kikundi ikifanywa kwa Revit wanabaki kuomba laptopu za wenzao usiku wa manane.

Lakini mzee, naomba niseme lingine. Kompyuta ya sebuleni haitamsaidia Neema, iwe Mac iwe Windows. Kazi zetu tunafanyia studio, unakesha huko, mwalimu anapita anaangalia skrini yako hapohapo. Mwanzoni atachora sana kwa mkono, atahitaji meza, rula ya T na karatasi nyingi kuliko prosesa. Baadaye atahitaji laptopu yenye kadi ya grafiki, na hapo ndipo hela inapotoka. Ukimaliza hela zako sasa hivi kwenye Mac mini, hiyo siku itakukuta mkavu.

BabaNeema_Kimara

Marahaba mwanangu. Hilo la studio sikulijua, na mwenyewe Neema hajaniambia. Nadhani aliona baba kafurahi akaniacha.

kijana_wa_Tabata

Mbona mnamzungusha mzee wa watu? Kariakoo kuna mafundi wanapiga Windows 11 kwenye i5 za kizazi cha 6, nusu saa umeondoka nayo. Kwangu ipo na inadunda.

Fundi Mpole

Kijana hajakosea, inawezekana. Ile kuangalia prosesa na TPM 2.0 (chipu ya usalama) inarukwa wakati wa kuweka, na 7040 itaendesha Windows 11 bila shida kubwa. Kasoro yake ni kwamba Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyokidhi vigezo haina haki ya kudai masasisho. Ya kila mwezi mara nyingi yanaingia. Yale makubwa ya kila mwaka huwa hayaji yenyewe, unarudi kwa fundi arudie. Kwa kijana anayependa kuchokonoa ni sawa. Kwa mashine yenye hela za akina mama wenzake mama Neema, mimi singeweka.

Na huko kwa mafundi angalia mtu asije akakuwekea Windows iliyokrakiwa ikawashwa kwa kiprogramu cha ajabu ajabu, eti hadi "azime antivairasi kwanza". Huo mlango wakishaufungua hawaufungi. Hizi OptiPlex zilikuwa za maofisini, leseni ya Windows mara nyingi imekaa kwenye ubao wa mashine yenyewe, huhitaji kuwashiwa na mtu.

Nunda_Kinyerezi

Nashangaa hakuna aliyetaja Linux, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, wakati ni bure na hiyo Dell inaitosha. Weka Linux Mint kwenye flashi, iwashe kutoka humo humo bila kugusa diski, zunguka nayo wiki nzima. Ukiipenda unaiweka, usipoipenda unachomoa flashi na hakuna kilichoharibika. Na tusijione wageni kwenye mambo haya, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za Kiswahili, tangu 2004.

BabaNeema_Kimara

Nunda, mitihani yangu ya fizikia imejaa milinganyo na michoro ya saketi. Itafunguka kama ilivyo?

Nunda_Kinyerezi

Maandishi na majedwali, ndiyo, LibreOffice, ile ya bure inayokaa mahali pa Word na Excel, inafungua. Milinganyo huwa inafunguka, ila mpangilio unaweza kuhama, swali la 7 likaenda ukurasa mwingine na mchoro ukabaki peke yake. Kwa mtihani unaokwenda kuchapwa utalazimika kupitia ukurasa kwa ukurasa. Na Access hapa pia hakuna, siwezi kukudanganya. Kwa kikoba Linux haikutoi.

MtuWaMuscat

Assalaam alaykum. Mimi niko huku huku aliko shemeji. Umeme na plagi usiwe na wasiwasi, ni zile za pini tatu kama za nyumbani. Swali langu: anakununulia mpya dukani au iliyotumika?

BabaNeema_Kimara

Nimempigia sasa hivi. Ni ya ofisini kwao, kampuni inabadilisha vifaa na wafanyakazi wanauziwa kwa bei ya chini. Ndiyo maana bei ilinivutia.

MtuWaMuscat

Hapo simama kidogo. Mac za kampuni nyingi zimeandikishwa kwenye mfumo wa usimamizi wa kampuni. Shemeji anaweza kuifuta, ikawaka vizuri, akakuletea. Wewe ukaifuta tena siku moja, ukaiunganisha na intaneti, ikatoka skrini inayosema mashine hii inasimamiwa na kampuni fulani, ingia kwa jina na nywila ya kazini. Hakuna fundi wa Kariakoo atakayeliondoa hilo kihalali. Anayeliondoa ni mtu wa TEHAMA wa kampuni ile, kwenye akaunti yao ya Apple, na huyo yuko Muscat. Nimeshaona watu wawili wamebaki na mashine nzuri isiyokwenda popote.

Mwambie shemeji aombe waitoe kwenye mfumo kwanza, kisha mbele yao aifute yote, aiwashe na Wi-Fi ikiwepo, afike hadi inapouliza jina la mtumiaji mpya. Ahakikishe pia hakuna iCloud ya mtu iliyobaki ndani. Wakikataa, aiache hukohuko.

Fundi Mpole

Umesema vema.

BabaNeema, kwa jinsi ninavyolisoma hili, nyumbani kwako anayebanwa na aina ya kompyuta ni mmoja tu, mama Neema. Wewe Word na Excel zako zipo Windows na Mac. Binti hatumii ya sebuleni. Kwa hiyo mashine ya sebuleni ifuate kikoba, na kikoba kiko Windows.

Na haraka huna. Nenda kwenye mipangilio ya Windows Update, kuna sehemu ya kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya ziada. Mashine iwe kwenye toleo la 22H2, uingie kwa akaunti ya Microsoft. Ukikubali kusawazisha mipangilio yako kwenye akaunti hiyo hulipi kitu, usipotaka ni dola 30. Inakufikisha 13 Oktoba 2026. Kabla ya hapo tafuta kwa utulivu OptiPlex 7060 au dada zake wenye kizazi cha 8 kwenda juu, hizo Windows 11 inazikubali. Chukua ya umbo lilelile la yako. RAM yako ni DDR4, nayo inatumia DDR4, SSD pia inahama. Ukiinunua tupu bila RAM wala diski bei inashuka, na muuzaji mwenyewe atashangaa unavyojiamini.

Kasuku wa Likoni

Nami nimpe mkono fundi, ingawa inaniuma. Mac ni yangu mie niliye peke yangu nyumbani.

kijana_wa_Tabata

Kwa hiyo mzee habebi Mac? Basi shemeji aniletee mimi.

BabaNeema_Kimara

Kijana, ya kampuni? Umesoma aliyoandika MtuWaMuscat?

Wakuu, asanteni. Nimejiandikisha jioni hii, imekubali bila kulipa. Nikamweleza mama Neema habari ya 7060. Kasema sawa, ila hakuna kugusa kompyuta mpaka kikoba kivunje mwezi wa sita na kila mtu apewe chake, kisha ndiyo nihamishe ninavyotaka. Shemeji nimemwambia aache Mac, aniletee skrini ya inchi 24 kama mzigo unaruhusu.

Fundi Mpole

Mama Neema ana akili kuliko sisi wote humu. Leo hiihii kopi lile faili la .accdb kwenye flashi mbili, moja ikae nje ya nyumba. Na muulize kama lina nywila, na kama anayeijua ni yeye au ni yule kijana.

BabaNeema_Kimara

Ina nywila. Anaijua yeye na katibu wa kikundi. Mimi nimekataliwa.