Diwani kanigonga bega mbele ya watu: "Karibu Marekani"!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Nimetoka sasa hivi kwenye ofisi ya kata, ile jioni ya diwani kuonana na wananchi. Jina silitaji, wa Chicago upande wetu mnamjua: yule wa tabasamu la mabango, anayeonekana mtaani msimu wa kura tu.

Uchochoro wa nyuma ya nyumba zetu taa zimekufa, na panya wamenenepa mpaka paka wanawapisha njia. Nimeripoti 311, ile simu ya jiji ya kupokea kero, hadi nimechoka. Wanakupa namba, baadaye wanaandika "imekamilika". Imekamilika nini na giza liko palepale?

Nikaenda mwenyewe. Foleni nimekaa mpaka makalio yakaota mizizi. Nikafika mbele, nikaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka, jamaa jicho moja kwangu, jingine kwenye simu. Kisha akanigonga bega: "Karibu Marekani."

Karibu Marekani! Mimi! Raia, kodi ya nyumba nalipa, na kura nilimpa huyohuyo! Watu wakacheka. Kuna mama alicheka mpaka akapaliwa.

Halafu ndiyo akafungua ramani ya kata, ile iliyopitishwa 2022, eti mpaka unapita katikati ya uchochoro wetu, nguzo za taa ziko kwa mwenzake. Kata 50, madiwani 50, taa hazina mwenyewe!

Na lile bega, wakuu. Kagonga mara mbili, polepole, vile anavyopigwapigwa mtoto ili acheue. Karibu Marekani!

Mvuvi_wa_Michigan: Pole mkuu. Bega la kulia au la kushoto? Naona taa umeshazisahau 😂😂

Binti Kigoma: Ukanyamaza? Mimi angerudi na mkono wake mfukoni.

Mleta uzi: Nilipigwa butwaa dada! Mbele ya majirani zangu! KARIBU MAREKANI!

Mswahili wa LA: Mnadeka nyie. Chicago watu milioni 2.7, madiwani 50. Sisi Los Angeles tunakaribia milioni 4, madiwani 15. Wangu sijawahi kumwona hata kisogo.

Kamaa_254: Huku Nairobi MCA, yaani diwani wetu, akiweka taa moja, jina lake linaandikwa kwa mlingoti mzima. Karibu Marekani, mkuu 😂

Baba Theluji: Taa kitu gani! Juzi nimechimba gari kwenye theluji mpaka mgongo ukalia, nikaweka kiti kushika nafasi yangu. Mtu kakitupa kando, kaegesha!

Binti Kigoma: Barabara ni ya umma, kiti chako kirudishe mezani.

Baba Theluji: Umehamia lini Chicago wewe? Kiti hapa kinaheshimiwa!

Mvuvi_wa_Michigan: Viti tusameheane. Mita za maegesho je? Mwaka 2008 jiji liliidhinisha kuzikodisha kwa wawekezaji kwa miaka 75, dola bilioni 1.15. Leo nimelipia maegesho ghali kuliko maziwa niliyofuata dukani!

Mleta uzi: Jamani, bega langu…

Mswahili wa LA: 75?? Nani alisaini hiyo?

Baba Theluji: Mita baadaye. Aliyetupa kiti ana gari jekundu, taa ya nyuma imevunjika. Nipo dirishani, namsubiri atoke.