Tupeane uzoefu: kibao chako cha biashara unakiweka wapi kwenye trotwari (njia ya waendao kwa miguu)? (Lubumbashi)

Mama Saluni, Kamalondo
Jambo yenu bandugu. Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa naosha nywele za mteja, nikasikia vyuma vinagongana nje. Kutoka, kibao changu kiko juu ya pikapu, miguu juu, pamoja na vya majirani wanne. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, trotwari si yako," wakaondoka. Ni kile kibao cha bei za kusuka, chenye picha ya binti yangu. Bila hicho, mtu anayetoka upande wa soko haoni mlango, maana parasoli ya kabini (kibanda cha simu) ya jirani inaufunika.

Nimelipa kukikomboa na karatasi sikupewa. Hilo linaniuma. Lakini yule kijana alisema kweli pia: nilikiweka katikati kabisa ili mtu asikikose. Wenzangu mnaweka wapi? Mnaomba ruhusa kwa nani? Kila mtu aseme yaliyompata yeye mwenyewe.

Magurudumu Matatu, Katuba
Pole sana mama. Mimi nitaongea kutoka upande wa pili wa kibao chako. Polio ilinipata utotoni, natembea kwa trisikeli ya kuzungusha kwa mikono. Kila siku naingia mjini kuuza uniti za simu.

Trisikeli yangu ina upana wa sentimita 78, nimeipima. Mtu wa miguu akikuta kibao anageuza bega, anapita. Mimi sina bega la kugeuza. Narudi nyuma mpaka pale ukingo ulipovunjika, nashuka barabarani, naenda huku taksibasi na manseba wa pikipiki wananipigia honi shingoni, halafu naanza kutafuta pa kupandia tena. Siku moja nilihesabu kutoka kona hadi kona: vibao tisa, jenereta mbili, rundo la mchanga.

Mwaka jana, mwezi wa pili, mvua inanyesha, nilishuka kwa sababu ya kibao cha duka la simu. Maji yalikuwa yamefunika mfereji usio na kifuniko. Gurudumu likaingia. Mkono wa kushoto ulikaa kwenye kitambaa wiki tano, na mikono ndiyo miguu yangu, kwa hiyo wiki tano sikutoka wala kuuza. Mwenye duka ndiye aliyeninyanyua, na alilia. Si mtu mbaya. Hajawahi kuambiwa na mtu kwamba kuna wanaopita pale wakiwa wameketi.

Tuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu katika Kongo yetu. Ninayo kwenye simu. Lakini asubuhi anayetoa kibao nje ni wewe, mama. Ninaomba mita moja na nusu isiyo na kitu, na iwe upande uleule mtaa mzima, nisiwe napindapinda.

Sudere wa Kenya
Papa Magurudumu, umenigusa, maana vibao hivi tunavichomelea sisi masudere wa komini (manispaa) ya Kenya, hapa Lubumbashi. Zamani mteja akisema "nitengenezee kikubwa," nilikuwa sibishi. Sasa nabisha. Upana sentimita 60, urefu mita moja, mtu anayetembea anasoma vizuri. Miguu isichomoze nje ya ubao, hiyo ndiyo inaangusha watoto. Na chini, karibu na ardhi, naweka fito ya kulala, ili fimbo ya asiyeona iiguse kabla goti halijagonga.

Halafu upepo. Ule wa mwezi wa kumi, unaotangulia mvua za kwanza, unabeba bati kama gazeti. Nimeona kibao kimeruka mpaka kwenye kioo cha gari. Unganisha miguu kwa mnyororo, weka kifuko cha mchanga juu ya ile fito. Tofali usiweke, watu watalikwaa. Jioni ingiza ndani. Chuma kikilala nje, asubuhi kiko kwa wanunuzi wa mitraye, vyuma chakavu. Kuna mteja nimemtengenezea kibao kilekile mara tatu.

Mama Vitumbua
Mimi niliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, mchoraji akaniandikia ukutani. Huu mwaka wa nne.

Duka la Dawa, Ruashi
Mama Saluni, juu ya karatasi. Nilihangaika kama wewe mpaka shemeji yangu aliyesoma sheria akanieleza. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, mji ni mamlaka yenye mfuko wake, na komini nayo ina wake. Ndiyo maana wanaweza kuja watoza ushuru wawili siku moja na wote wawe wa kweli. Karitie, yaani mtaa ndani ya komini, haina mfuko wa namna hiyo. Tena, ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote ni ya serikali, haiuzwi: hiyo iko kwenye sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Kwa hiyo hata ukilipa, trotwari hujainunua.

Nilivyofanya: barua, nakala mbili, na mchoro wa mbele ya duka wenye vipimo. Nakala yangu nikaomba ipigwe muhuri kwamba imepokelewa. Angalia vizuri karatasi utakayopewa inataja nini. Ya kwanza niliyolipia ilihusu tangazo tu, haikusema lolote juu ya kukaa kwenye trotwari, na mimi nilidhani nimemaliza. Anayekuja kudai nampa kiti, namwomba agizo la kazi na nota ya malipo, namwambia, "Papa, niandikie kiasi, nitakwenda kulipa dirishani." Wawili hawakurudi. Wa tatu aliandika, nikaenda kulipa, resu (risiti) iko ukutani ndani ya plastiki.

Mwana L'shi, Edinburgh
Huku Edinburgh, Uskoti, walipiga marufuku vibao vya kusimama kwenye trotwari Novemba 2018, mji mzima. Wenye maduka ya vichochoroni walilalamika sana, na ninawaelewa, mteja hawaoni kutoka barabara kubwa. Dada yangu yuko Marekani: huko kila mji una kanuni zake, lakini viwango vya taifa kwa ajili ya wenye ulemavu vinataka njia isipungue sentimita 91, na miongozo ya njia za waendao kwa miguu iliyotolewa 2023 inasema 122. Kufuta vibao vyote kwetu nisingependa. Mama mwenye saluni hana redio wala televisheni ya kujitangaza.

Magurudumu Matatu, Katuba
122 inanitosha. Mita moja na nusu yangu nimeiacha.

Mama Saluni, Kamalondo
Nimesoma yote, nimetoka nje na tepu ya fundi nguo. Trotwari mbele yangu ina mita 2 na sentimita 10. Kibao kikiegemea ukuta kinakula 55, inabaki mita 1 na 55. Nimeongea na jirani wa kabini: parasoli anairudisha ukutani, na mimi namwachia upande mmoja wa kibao aandike biashara yake. Wale majirani wanne tumekubaliana barua moja, mchoro mmoja, nakala mbili. Tunaipeleka Alhamisi.

Papa Magurudumu, nisamehe kwa siku zote ulizoshuka barabarani kwa ajili yetu. Kabla hatujaandika vipimo kwenye barua, ninaomba uje upite mbele ya saluni, tuone kama kweli inatosha.

Sudere wa Kenya
Mama, kibao walikirudisha kizima?

Mama Saluni, Kamalondo
Bawaba moja imevunjika. Nitakuletea Jumamosi, na ile fito ya chini uniwekee.

Magurudumu Matatu, Katuba
Jumatano saa tatu nitakuwa hapo mlangoni.