Teleki yupi? Mgeni kaniuliza Forodhani

MtembeziShangani
Asalaam alaykum. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe. Tukifika Forodhani huwasimulia misafara ya bara iliyokuwa ikikusanya wapagazi hapa Unguja enzi za Sayyid Barghash: Stanley, Thomson, halafu Graf (cheo cha ukabaila) Teleki aliyefika Ziwa Turkana. Juzi nilikuwa na mtu na mkewe kutoka Hungaria. Kutaja tu Teleki, mume akauliza, "Yule waziri mkuu aliyejipiga risasi?" Mke akamkatiza: siye, huyo ni wa maktaba. Wakabishana kwa lugha yao, mie nimesimama na mwavuli wangu nangoja. Naomba mwenye ilimu anambie: watu hawa ni wangapi, na wa kwetu ni yupi?

KijanaMkoani
Hahaha, sawa na mtu akuulize "al-Busaidi yupi?" Kuna aliyekalia kiti cha usultani na kuna anayetengeneza simu Darajani.

MaalimWete
Waalaykum salaam, mwanangu. Mie nilisoma Budapest ujanani, na jina hili nililijua sokoni kabla ya kulikuta kitabuni. Wilaya ya nane ya mji ule ina uwanja uitwao Teleki tér, na soko lake la vitu vikuukuu ndiko sisi wanafunzi tulikokwenda kutafuta makoti ya baridi. Uwanja umepewa jina la László Teleki, mwandishi na mwanasiasa. Hungaria ilipoinuka dhidi ya Habsburg, ukoo wa kifalme wa Austria, mwaka 1848 alipelekwa Paris kuwa mjumbe wake, na mwaka 1861 alijipiga risasi. Kwa hiyo hata swali la mgeni wako halikutosha, maana Teleki waliojipiga risasi ni wawili.

Huyo wa pili ndiye waziri mkuu, Pál, mtaalamu wa jiografia. Aliongoza serikali 1920 hadi 1921, kisha tena kuanzia 1939. Aprili 1941 Wajerumani walipotaka kupita Hungaria kuishambulia Yugoslavia, nchi ambayo serikali yake ilikuwa imetoka kutia nayo saini mkataba wa urafiki, alijiua.

Wa kwako ni Sámuel, aliyezaliwa 1845 na kufa 1916. Alifika Unguja 1886 pamoja na ofisa wa jeshi la majini la Austria, Ludwig von Höhnel, ambaye ndiye aliyechora ramani na kuandika kitabu cha safari. Walitokea Pangani 1887. Njiani walimtegemea Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, ambaye Thomson naye alikwisha kukutana naye kabla yao. Huyu mtaje kwa wageni, tena kwa sauti, kwani njia za Umasaini alizijua yeye, si Graf. Machi 1888 wakalifikia ziwa, wakalipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria, na ziwa dogo la jirani wakaliita Stefanie, jina la mkewe Rudolf. Kenya ikaliita la kwanza Turkana mwaka 1975. Jina la Teleki lenyewe limebaki kwenye volkano iliyo kusini mwa ziwa na kwenye bonde moja la Mlima Kenya.

Ama bibi aliyesema "wa maktaba", hakuwa mbali. Yupo Sámuel Teleki mwengine, 1739 hadi 1822, kansela wa Transylvania. Huyu aliwafungulia watu maktaba yake mwaka 1802 katika mji ambao leo ni Târgu Mureș, Romania. Jina moja, ukoo mmoja, karne mbalimbali. Usiposema mwaka, hata Mhungaria atapotea.

DadaChakeChake
Maalim, na wote hao walikuwa Graf? Mie nilidhani cheo hurithi mtoto mkubwa peke yake.

MaalimWete
Huo ni utaratibu wa Waingereza, binti yangu. Kule cheo kiliwashukia watoto wote, wa kiume na wa kike, ndiyo maana walijaa. Miongoni mwao mie nampenda Blanka. Alifungua skuli ya wasichana mjini Pest, ambao leo ni sehemu ya Budapest, mwaka 1846, na baada ya mapinduzi yale ya 1848 kuzimwa akatiwa gerezani Kufstein, Austria. Nashangaa watu wanavyomkumbuka Sámuel wa ziwani wakamsahau huyu. Vyeo vyenyewe Hungaria ilivifuta kwa sheria mwaka 1947.

Na majina huwa yanarudi, kama kwetu mjukuu anavyopewa la babu. Baba yake Pál alikuwa Géza, mwanawe Pál akaitwa Géza, na mjukuu naye Geza. Huyu mjukuu alikuja Tanzania kweli kweli, mwishoni mwa miaka ya 1960, akifuatilia sokwe Gombe pamoja na Jane Goodall. Alifariki 2014.

KijanaMkoani
Astaghfirullah, ukoo mmoja: sokwe, ziwa na waziri mkuu.

MtembeziShangani
Ahsante sana, Maalim. Mwezi ujao nina kundi zima la Wahungaria. Nianze na Pál, maana inaonekana ndiye wanayemjua zaidi?

MaalimWete
Usianze naye. Wengine humwona mtu aliyekufa kwa heshima. Wengine hawasahau kwamba serikali yake ya 1920 ilipitisha sheria ya kupunguza Mayahudi vyuo vikuu, na mwaka 1939 ikapita nyengine kali zaidi yeye akiwa madarakani. Sanamu yake ilikusudiwa kusimamishwa Budapest, watu wakapinga, mwisho mwaka 2004 ikawekwa Balatonboglár, mji wa pembeni mwa ziwa Balaton. Ukimtaja mbele ya kundi zima watagawana hapo hapo, na wewe bado hujawafikisha Darajani.

Wao hutanguliza jina la ukoo, basi sema "Teleki Sámuel, 1887, Pangani", uone nani anatikisa kichwa. Halafu mlete Kimameta.

MtembeziShangani
Sawa. Kimameta na Pangani kwanza. Wakiniuliza wa maktaba, nitawaambia 1802.