Watu tisa kwenye IST mpaka Lushoto

*Kikundi: Safari ya Harusi Lushoto*

Mjomba Idi, 19:04
Assalam alaykum wanafamilia. Usafiri wa Ijumaa umekamilika. Gari langu, Toyota IST, linatuchukua wote wa Dar. Mbele mimi, Bibi, na Zuhura anabanana na Bibi kwa kuwa ni mwembamba. Nyuma Shangazi Zaina, Mama Aisha na Salma, watoto watatu wanapakatwa. Kila mkubwa atoe elfu kumi na tano ya mafuta. Tunatoka Tabata saa kumi na moja alfajiri.

Mama Aisha, 19:06
Waalaykum salaam. Alhamdulillah, tumepona nauli 🙏🏽

Salma, 19:07
Na begi la sare liko wapi kwenye hesabu hiyo? Vitenge peke yake ni mabegi mawili.

Mjomba Idi, 19:08
Buti ipo. Tutashindilia.

Rehema, 19:15
Shikamoo mjomba, shikamooni wakubwa wote. Mjomba naomba uniwie radhi, lakini hapo ni watu tisa kwenye gari la viti vitano.

Mjomba Idi, 19:17
Marahaba mwanangu. Watoto si watu wazima, na tunakwenda kwa mwendo wa taratibu. Trafiki akitusimamisha tutaongea naye, ni familia inakwenda harusini.

Kassimu, 19:19
Mjomba, siku hizi hakuna maongezi. Anapiga picha namba ya gari, anaandika kwenye mashine, deni linakaa kwenye mfumo mpaka ulipe kwa kontroo namba. Kosa moja elfu thelathini. Hapo kuna kuzidisha watu, na kuna mtu wa mbele asiye na mkanda maana kiti kimoja kina mkanda mmoja. Halafu hakuachii uendelee hivyo hivyo, waliozidi wanashushwa. Ukishushwa Wami na Bibi na watoto saa moja asubuhi, unaanza kusimamisha mabasi yaliyojaa.

Kassimu, 19:21
Na hiyo elfu kumi na tano. Gari lina namba ya njano, yaani binafsi. Mtoto akiulizwa akasema "mama amelipa", unaanza kuonekana unabeba abiria kwa nauli bila leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Hilo ni kosa jingine kabisa.

Mama Aisha, 19:22
Jamani si mchango tu wa ndugu!

Kassimu, 19:22
Ni kweli mama. Ila uthibitishe pale barabarani, jua linawaka.

Baba Mdogo Omari, 19:40
Shemeji Idi, salaam kutoka Mombo. Nimesoma yote. Faini mnalipa mnasahau. Mimi nataka kusema habari ya mlima, kwa kuwa nimeendesha Coaster Mombo–Lushoto miaka mingi na mpaka leo nakaa hapa chini nawaona wanavyoshuka.

Baba Mdogo Omari, 19:44
Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kama kilomita 33, na unashuka karibu mita elfu moja. Kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Gari lililojaa kupita kiasi, uzito wote unasukuma kutoka nyuma. Dereva mgeni anakanyaga breki muda wote. Zinachemka, unasikia harufu ya kuungua, pedali inakuwa laini, na ukikanyaga gari halishiki tena. Wakati huo uko juu ya Soni na lori linapanda.

Baba Mdogo Omari, 19:49
Hizi IST Wajapani walizipigia hesabu ya watu watano kwa kilo 55 kila mmoja. Jumla 275. Wakubwa sita wa kwetu, kwa kilo 70 tu, ni 420. Ongeza watoto na mabegi. Na kurudi mnajuana wenyewe, hakuna anayetoka Lushoto mikono mitupu: viazi, kabichi, plamu, mapeasi. Gari linakaa chini nyuma, mbele linakuwa jepesi, usukani haushiki vizuri kwenye kona, taa zinamulika juu zinampofusha anayekuja. Tairi za nyuma zinajikunja na kupata moto, ndipo zinapopasuka.

Shangazi Zaina, 19:52
Subhanallah.

Rehema, 19:58
Ahsante baba mdogo. Mimi niongezee upande ninaoujua, kwa kuwa nafanya kazi wodi ya majeruhi. Mjomba amesema mwendo wa taratibu. Gari likigonga likiwa kilomita 50 kwa saa, asiye na mkanda anapigwa sawa na aliyeanguka kutoka mita kumi, ghorofa ya tatu. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, kwa sekunde hiyo moja anavuta kama mzigo wa kilo 300. Hakuna mama anayeweza kumshika. Si suala la mapenzi wala nguvu, mikono inaachia tu.

Mama Aisha, 20:00
Nikijifunga naye mkanda mmoja je?

Rehema, 20:02
Usifanye hivyo hata siku moja mama. Uzito wako wote unamkandamiza yeye kwenye mkanda, tumbo na kifua chake ndivyo vinaumia. Mtoto akae kwenye kiti chake nyuma, na mdogo awe na kiti cha watoto. Na aliyekaa nyuma bila mkanda anaruka mbele na kumgonga aliye mbele yake. Hapo mbele mmemweka Bibi.

Mjomba Idi, 20:11
Nimeitoa kadi ya gari. Imeandikwa viti 5. Na bima yangu imeandikwa matumizi binafsi, abiria kwa viti hivyo hivyo.

Kassimu, 20:13
Ndiyo hivyo mjomba. Mtu wa sita akiumia, kampuni ya bima inapata sababu ya kubishana na wewe, na wewe dereva ndiye utakayesimama mahakamani.

Mjomba Idi, 20:20
Basi tupange upya. Bibi lazima awe garini, magoti yake hayawezi basi.

Bibi (kwa simu ya Zuhura), 20:24
Mimi nikae mbele, mkanda wangu nifunge. Wengine pandeni basi, mbona tulikuwa tunapanda.

Kassimu, 20:26
Mabasi ya moja kwa moja mpaka Lushoto yapo stendi ya Magufuli, Mbezi. Kesho asubuhi napita kukata tiketi. Zuhura, Salma, na Mama Aisha na mwanae mmoja mkubwa. Garini wanabaki Mjomba, Bibi, Shangazi na watoto wawili. Watano.

Mama Aisha, 20:28
Nauli naituma usiku huu. Shangazi, wanangu wawili hao wafunge mikanda, usimwonee huruma yule anayelialia.

Shangazi Zaina, 20:29
Hashuki kwenye kiti chake mpaka Lushoto.

Rehema, 20:31
Kiti cha mdogo ninacho cha mwanangu, namletea mjomba Alhamisi jioni.

Baba Mdogo Omari, 20:35
Shemeji, jaza upepo kulingana na kibandiko cha mlangoni. Mkishuka toa gia ya D, weka 2, kwenye mteremko mkali L, injini ikushikie gari, breki uzipumzishe. Viazi na kabichi mniachie hapa Mombo, nitavipakia kwenye basi la Dar Jumatatu.

Mjomba Idi, 20:37
Sawa shemeji. Mafuta natoa mwenyewe, msitume.